El Clan: kazi ya serikali ilivyohamia nyumbani kwa mzee Puccio

Kuna kipande kwenye El Clan ambacho ukishakiona unajua kabisa hii muvi haina mpango wa kukubembeleza. Mzee mwenye nywele nyeupe anatoka jikoni na chakula, anapita kwa watoto, anamkumbusha mmoja kuwa msosi uko tayari, anasogea mbele, kamera iko mgongoni kwake muda wote na haikati, mwisho anafungua mlango na ndani kuna kijana kafungwa minyororo na uso umefunikwa. Yaani mwendo ule ule wa baba anayezunguka nyumba kabla ya kula ndo mwendo wa askari jela anayempelekea mahabusu sahani, na sura yake haijabadilika hata kidogo kati ya chumba na chumba.

Wengi wakiiongelea hii filamu wanaishia hapo hapo, kwamba jamani kumbe kuna familia za hivi, dunia ina mambo, wanaiweka kundi moja na zile stori za wauaji tunazoangalia usiku alafu tunalala taa inawaka. Naona wanaipunja. Ukiichukua El Clan kama stori ya baba mwenye roho mbaya umeangalia nusu tu, kwa sababu nusu ya pili iko kwenye kalenda. Mambo haya yalitokea Argentina kati ya 1982 na 1985, na ukibadilisha hiyo miaka stori yote inaanguka, haisimami. Filamu nyingi za zamani hutumia enzi kama nguo tu, magari ya kizamani, simu za kuzungusha, mashati ya kola kubwa, basi. Hapa enzi ndo inayofanya kazi chafu yenyewe.

Kwa ambao hawajaiona, nieleze kidogo. Ni filamu ya Pablo Trapero, ilitoka 2015, na mwaka huo huo ikampa Trapero Simba wa Fedha wa uongozaji bora kwenye tamasha la Venice, alafu mwaka uliofuata ikachukua tuzo ya Goya ya Hispania upande wa filamu za Amerika ya Kilatini. Nyumbani Argentina watu zaidi ya milioni 2 waliingia kumbi za sinema kuiangalia. Kampuni ya mwongozaji Almodóvar wa Hispania na ndugu yake, El Deseo, imo kwenye utayarishaji. Na uhusika wa mzee wamempa Guillermo Francella, ambaye Waargentina wamekua nae kama mchekeshaji wa tivii. Wewe fikiria marehemu King Majuto apewe uhusika wa mtekaji watu na asichekeshe hata sekunde moja, ndo utaelewa kwa nini watazamaji wa kule walikaa wanasubiri utani ambao haukuja. Francella kaicheza kwa macho. Haongei kwa sauti kubwa, hapepesi, anakuangalia tu mpaka wewe ndo unaangalia pembeni.

Mzee mwenyewe anaitwa Arquímedes Puccio na ni mtu wa kweli. Mhasibu, aliwahi kuwa mtu wa kupeleka nyaraka za kidiplomasia, alikuwa na mkono wake kwenye idara ya ujasusi, mke wake Epifanía alikuwa mwalimu, watoto watano, nyumba nzuri San Isidro, kitongoji cha wenye nazo kaskazini mwa Buenos Aires, karibu kabisa na kanisa kuu la pale. Mtoto wao Alejandro alikuwa staa wa raga, anachezea klabu ya CASI na amewahi kuvaa jezi ya timu ya taifa, Los Pumas. Majirani walimjua mzee kama yule jamaa anayefagia kila saa, anafagia mbele ya nyumba mpaka unajiuliza anafagia nini tena, wakampa na jina la utani kwa ajili ya huo ufagio. Jina zuri tu la kichaa asiyemdhuru mtu.

Ndani ya nyumba hiyo walifungiwa watu. Wa kwanza alikuwa Ricardo Manoukian, kijana wa familia yenye supamaketi, Julai 1982, aliyesimamisha gari barabarani kwa sababu anayempungia mkono alikuwa Alejandro, mtu anayefahamiana nae. Familia ikalipa, kijana akauawa hata hivyo. Wa pili Eduardo Aulet, injinia kijana, Mei 1983, pesa ikalipwa na yeye akauawa, na mwili wake ulikuja kupatikana 1987. Wa tatu Emilio Naum, mfanyabiashara, Juni 1984, huyo alipigana nao pale pale barabarani wakampiga risasi. Wa nne mama mfanyabiashara wa miaka 58, Julai 1985, akakaa chini ya ardhi kwa mwezi mzima kwenye chumba walichokichimba ndani ya nyumba, na mule ndani waliweka majani makavu ya mifugo ili anuse harufu ya shamba aamini yuko mbali na mji, kumbe juu ya kichwa chake watu wanakula chakula cha mchana. Huyu ndo polisi walimtoa akiwa hai, Agosti 23, 1985.

Sasa rudi kwenye zile tarehe utulie nazo kidogo. Wanajeshi walipindua nchi Machi 24, 1976. Aprili 1982 wakavamia visiwa vya Malvinas, Waingereza wanaviita Falkland, na Juni 14 mwaka huo wakasalimu amri. Utawala wao ukaanza kuporomoka kuanzia siku hiyo. Manoukian anatekwa Julai, mwezi mmoja tu baadae. Uchaguzi ukafanyika Oktoba 1983, Raúl Alfonsín akaapishwa Desemba. Kwa maana hiyo watu wawili walitekwa wakati wa wanajeshi na wawili wakati wa demokrasia, na mzee Puccio hakubadilisha chochote katikati, hakupunguza mwendo, mbinu ni zile zile na watu ni wale wale, ilibadilika serikali tu.

Na hizo mbinu alizitoa wapi? Hapo ndo filamu inakuwa na akili kuliko inavyoonekana. Kumkamata mtu barabarani mchana kwa gari mbili, kumfunika kichwa, kumweka chumba kisicho na dirisha ndani ya jengo ambalo maisha mengine yanaendelea, kumlazimisha aandike barua kwa mkono wake, kuipigia familia simu za vitisho kutoka kibanda cha simu, kujitambulisha kama kundi la wapigania ukombozi wakati wewe ni mtu wa upande wa pili kabisa, kisha kummaliza ili asije kutoa ushahidi. Hii ni kazi ambayo dola yenyewe ilikuwa inaifanya kwa miaka. Tume iliyoundwa na Alfonsín kuchunguza watu waliopotezwa ilikabidhi ripoti yake Septemba 1984, ikaorodhesha watu 8,961 waliopotezwa na vituo vya siri vya kuwafungia watu vipatavyo 340, na mashirika ya haki za binadamu yanasimamia idadi ya 30,000. Filamu inafungua na picha halisi za Alfonsín akiizungumzia ripoti hiyo. Kuna watu waliniambia huo mwanzo umewachosha, habari za rais kwenye muvi ya utekaji za nini. Mimi nasema bila huo mwanzo hakuna muvi.

Kituo kilichojulikana zaidi kilikuwa ESMA, chuo cha ufundi cha jeshi la majini, na hakikuwa porini, kipo mjini Buenos Aires kwenye barabara kubwa inayopita magari kutwa. Mateka walilazwa darini wamefunikwa vichwa, na maofisa wa jeshi walikuwa wanalala ghorofa za chini yao, jengo moja, ngazi moja. Kombe la Dunia la 1978 fainali ilichezwa uwanja wa River Plate ulio jirani, na waliotoka hai wamesimulia kwamba walisikia kelele za magoli wakiwa na minyororo miguuni. Tangu 2023 jengo hilo limo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Ukishajua hilo, angalia tena ile nyumba ya San Isidro, mateka huku, meza ya chakula kule, redio inapiga muziki ili sauti isitoke. Mzee Puccio alichukua ramani ya ESMA akaipunguza ikaenea kwenye nyumba ya familia.

Waargentina wa wakati ule walikuwa na namna yao ya kuwaita watu kama huyu, kwa kejeli, vibarua waliokosa kazi. Yaani watekaji na watesaji wa serikali ambao demokrasia imewakuta na ujuzi mkononi lakini bosi kaondoka. Baadhi walienda kulinda maduka, baadhi wakaanza kuteka matajiri kwa faida yao. Aníbal Gordon, aliyeongoza genge pale Automotores Orletti, gereji ya magari iliyogeuzwa kituo cha kutesea watu mwaka 1976, alikamatwa mapema 1984, na Trapero kamweka kwenye filamu. Puccio mwenyewe alikuwa na kanali mstaafu kwenye genge lake. Kwenye muvi kuna mkubwa wa jeshi anayeongea nae kwa simu, na unaona taratibu jinsi ulinzi unavyokatika, mara ya kwanza anaambiwa tulia, mara nyingine anaambiwa siwezi tena kukusaidia. Hakuna sehemu wanakuchorea mchoro wa nani alikuwa nyuma ya nani, na hapo nampongeza mwongozaji, maana angeweka mhusika wa mwandishi wa habari anayetuelezea kila kitu ningezima.

Alafu kuna majirani. Watu wanauliza inakuwaje mtu anapiga kelele ndani ya nyumba iliyobanana na nyumba zingine, mtaa wa heshima, kanisa pale, klabu pale, na hakuna aliyesikia. Enzi za wanajeshi kulikuwa na msemo mitaani, mtu akichukuliwa na gari jirani anasema lazima kuna kitu alifanya, anafunga pazia. Ukiishi hivyo miaka saba sikio linajifunza lenyewe. Alejandro alipokamatwa wachezaji wenzake wa CASI walimtetea kwa nguvu, haiwezekani, tunamjua, ni kijana wa watu. Siwacheki kwa hilo. Watu wa kitongoji kile walikuwa wameshazoea kuamini kwamba uhalifu unafanywa na watu wa sura fulani kutoka sehemu fulani, maskini, wa siasa za kushoto, wenye ndevu, sio watu wanaocheza raga na kwenda misa Jumapili.

Kuna sehemu nyingine ambayo naona haizungumzwi kabisa na kwangu ndo kali kuliko zote. Wakiwa ndani baada ya kukamatwa, mzee anaanza kumchokonoa Alejandro kwa maneno, anamtukana, anamwambia yote haya ni kosa lake, anachimba mpaka kijana anapandwa na hasira anamrukia na kumpiga vibaya. Na mzee anaachia apigwe. Kwa nini? Ili aende mbele ya hakimu na sura iliyovimba aseme polisi wamemtesa. Mtu aliyetesa watu nyumbani kwake anajifunza ndani ya siku chache lugha mpya ya nchi, lugha ya haki za binadamu, lugha ya mateso na uonevu wa dola, anaivaa kama koti. Na huu ni mwaka 1985, viongozi wa jeshi wenyewe wako kizimbani muda huo huo. Sijaona filamu nyingine ya uhalifu iliyoonyesha kwa ufupi hivyo jinsi watu wa utawala uliopita wanavyohamia utawala mpya na mizigo yao yote.

Sasa nije kwenye ninapogombana na Trapero, maana sio kila kitu namkubalia.

La kwanza ni Alejandro. Peter Lanzani kacheza vizuri, hilo halina ubishi, na kabla ya hapo alikuwa staa wa tamthilia za vijana kwa hiyo ile sura ya mtoto mzuri anayo tayari. Lakini filamu inamhurumia kupita kiasi. Inampanga kama kijana aliyebanwa na baba, kila akitaka kutoka baba anamwangalia anarudi, na sisi watu wa huku tulio na mzee kasema kwenye damu tunamwelewa haraka sana, tunasema masikini kijana wa watu angefanyaje. Angefanyaje? Angefanya kama mdogo wake Guillermo, ambaye alisafiri nje na timu ya raga akaamua asirudi tena. Filamu inamwonyesha Guillermo anaondoka, inatupa dakika chache za uwanja wa ndege, kisha inamwacha kabisa, na nadhani inamwacha kwa sababu akikaa kwenye picha muda mrefu utetezi wa Alejandro unakufa. Alejandro alipata mgao. Duka lake la vifaa vya michezo ya majini lilikuwa pale pale kwenye jengo la familia. Manoukian alisimamisha gari kwa ajili ya sura yake yeye, sio sura ya baba. Mahakama ilimpa kifungo cha maisha na haikumwona kama mtoto aliyetumwa dukani.

La pili wanawake. Epifanía kwenye muvi anapika, anauliza kama chakula kinatosha, anamkanda mume mabega, anasema maneno machache ambayo unaweza kuyasoma kama anajua kila kitu au hajui chochote. Kisheria yeye na binti mkubwa, Silvia, waliachiwa kwa kukosekana ushahidi, kwa hiyo naelewa mwongozaji hakutaka kumhukumu mtu ambaye mahakama haikumhukumu. Ila kuna njia ya kuacha swali wazi na mtu bado akawa na uzito. Anayepika chakula cha mtu mmoja zaidi kila siku kwa wiki kadhaa anahesabu sahani. Kipande kimoja tu cha yeye peke yake jikoni kingetosha, na hakipo. Lili Popovich anaicheza nafasi hiyo kwa alichopewa, na alichopewa ni kidogo.

Muziki pia nina neno nao. Trapero anapenda kuweka wimbo mchangamfu juu ya ukatili, kuna wa The Kinks wa kiangazi na uvivu unapigwa huku mtu anachukuliwa, mara ya kwanza unakushtua kweli, unajikuta unatikisa kichwa alafu unajiuliza unatikisa nini. Ni ujanja wa Kimarekani tumeuona sana kwenye muvi za magenge. Mara ya pili sawa. Akifika pale anapochanganya sauti za Alejandro na mpenzi wake ndani ya gari na sauti za mtu anayeteseka, mimi nilishachoka, naona mwongozaji ananionyesha jinsi alivyo mjanja wakati kile kipande cha sahani kule mwanzo hakikuhitaji ujanja wowote.

Na waliouawa? Ukitoka kwenye filamu jaribu kukumbuka jambo moja kuhusu Aulet. Au kuhusu Naum. Hukumbuki, kwa sababu wanaingia wakiwa wamefunikwa vichwa na wanatoka hivyo hivyo. Hili ni tatizo la filamu karibu zote za uhalifu wa kweli, muuaji anapata muigizaji bora, aliyekufa anapata mwigizaji wa siku mbili, na El Clan ingekuwa na sababu nzuri zaidi ya kulikwepa kwa sababu inaongelea nchi ambayo akina mama walizunguka uwanja wa Plaza de Mayo kila Alhamisi wamebeba picha na majina ya watoto wao waliopotezwa ili wasisahaulike. Trapero anajua hilo vizuri kuliko mimi. Hakulifanyia kazi.

Ukitaka kupima ninachosema kuhusu enzi, weka El Clan pembeni ya El Ángel ya Luis Ortega, ya 2018. Nayo ni ya Argentina, nayo ni uhalifu wa kweli, na El Deseo wamo tena. Inamhusu Carlos Robledo Puch, kijana wa nywele za dhahabu za kujiviringa aliyekamatwa Februari 1972 akiwa na miaka 20 tu na baadae kuhukumiwa kwa mauaji 11, amekaa gerezani muda mrefu kuliko mfungwa mwingine yeyote wa nchi ile. Kitu kizuri kwa macho, rangi zimepangwa, kijana Lorenzo Ferro anacheza dansi ndani ya nyumba aliyoivunja utadhani kwake, na unaifurahia, hilo ndo tatizo lake. Pale miaka ya sabini ni fanicha. Uitoe Buenos Aires uipeleke mji mwingine wowote uwe na pikipiki na redio, itafanya kazi vile vile. Na ili kijana abaki kuwa mrembo wa kupendeza, filamu imeacha nje uhalifu wake dhidi ya wanawake, ambao kwenye kesi ulikuwepo. El Clan ina makosa yake niliyoyataja lakini haijaniacha nikimtamani mtu yeyote mle ndani.

Kuhusu mwisho wake, tahadhari, kama hujaiona ruka aya hii. Novemba 8, 1985 Alejandro akiwa analetwa mahakamani anajirusha kutoka ghorofa ya tano. Trapero anakupeleka nae, kamera inapanda, inakimbia, inaruka. Jamaa hakufa siku ile, alibaki na ulemavu na kifungo, akafariki 2008. Ila jengo lenyewe ndo nataka ulishike, ni jumba la mahakama la Buenos Aires, lile lile ambamo tangu Aprili mwaka huo makamanda tisa wa jeshi walikuwa wanasomewa waliyoyafanya na mashahidi zaidi ya 800. Mwendesha mashtaka Julio César Strassera alikuwa amemaliza hotuba yake Septemba kwa maneno mawili, Nunca más, haitatokea tena. Hukumu ikatoka Desemba 9, Videla, aliyeongoza nchi baada ya mapinduzi, na Massera wa jeshi la majini wakapewa kifungo cha maisha, wanne kati ya tisa wakaachiwa. Mwezi mmoja tu kati ya kuruka kwa Alejandro na hukumu ile, ghorofa chache tu kati ya kesi na kesi.

Na hapa kuna jambo ambalo mtazamaji wa Nairobi au Dar atalifurahia kuliko wa Madrid. Msaidizi wa Strassera kwenye kesi ile alikuwa kijana wa miaka 32 hivi anaitwa Luis Moreno Ocampo. Ndio, Ocampo yule yule. Yule ambaye Desemba 15, 2010 alisoma majina sita ya Wakenya akiwa mwendesha mashtaka wa The Hague, kutokana na vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 zilizoua watu zaidi ya 1,100, na kwa miezi kadhaa jina lake likawa kwenye kila kibanda cha chai Afrika Mashariki. Zile kesi zilivyoishia tunajua, ya Kenyatta iliondolewa Desemba 2014 na ya Ruto ikasimamishwa Aprili 2016, yeye akiwa ameshaondoka ofisini, lakini ujasiri wake ule wa kutaja wakubwa kwa majina mbele ya kamera alianzia kwenye jumba lile la Buenos Aires. Mwaka 2022 Santiago Mitre akatengeneza Argentina, 1985 kuhusu kesi hiyo, Ricardo Darín ndani kama Strassera. Na aliyemcheza Ocampo ni nani? Peter Lanzani. Alejandro wetu. Miaka saba baada ya kuruka kutoka ghorofa ya tano karudi kwenye jumba lile lile kavaa suti ya mwendesha mashtaka.

Sijui kama waliompa nafasi hiyo walilifikiria hilo au ilitokea tu, lakini ukiziangalia hizi mbili kwa kufuatana huwezi kulikwepa. Kijana wa familia nzuri, kwao wanajeshi ni ndugu na marafiki, yuko upande upi? Ocampo wa kweli naye alitoka familia yenye wanajeshi, na kwenye filamu ya Mitre mama yake ni mtu wa kwenda misa moja na Videla, anabishana na mwanae kuhusu kesi mpaka mwishoni anaposikia ushuhuda wa mama aliyejifungua akiwa mateka ndani ya gari. Watoto wawili wa tabaka moja, sura moja, miaka ile ile. Ndo maana nasema ile huruma ya Trapero kwa Alejandro hainiingii, maana kulikuwa na vijana wengine wa aina yake waliofanya uamuzi mwingine kabisa na walikuwa na baba pia.

Mzee mwenyewe hakukiri mpaka kufa. Alisomea sheria akiwa gerezani akawa wakili, baadae akaachiwa, akaenda kuishi General Pico mkoa wa La Pampa, akafariki Mei 2013 na miaka 83, na kwa taarifa za magazeti ya kule hakuna ndugu aliyejitokeza kuchukua mwili. Miaka miwili baadae Francella akamfufua.

Kwa anayetaka zaidi, kuna pia tamthilia ya Historia de un clan, ilirushwa na kituo cha tivii cha Telefe mwaka huo huo wa 2015, imeongozwa na huyo huyo Ortega wa El Ángel, Alejandro Awada ndo mzee na Chino Darín, mtoto wa Ricardo, ndo Alejandro. Ile inaingia zaidi ndani ya nyumba, na Cecilia Roth anampa Epifanía kile nilichosema kimekosekana kwenye filamu, mke mwenye mwili na akili na siri zake. Ila siasa imepungua, inakuwa kama ndoto mbaya ya familia moja. Mimi ningeanza na El Clan, nikafuata Argentina, 1985, tamthilia ningeiacha ya mwisho kwa ajili ya Roth tu. Maandishi ya chini wekeni ya Kiswahili mkiyapata, mkikosa ya Kiingereza, lakini msiangalie iliyowekewa sauti za watu wengine juu, sauti ya chini chini ya Francella kwenye ile simu ya kibandani ndo nusu ya kazi yake.